Punda Mmoja, Si Wawili

Mbweha walipomchukua mwanambuzi wa nne, dada yangu hakulia wala hakutukana mtu. Alifuta mikono kwenye aproni, akaingia chumbani, akatoka na begi lake kubwa la kahawia, akalitua juu ya kiti cha barazani, tena kiti changu. Likakaa pale mdomo wazi, limejaa nusu, kama mgeni aliyekuja kunisimanga.

"Mwisho wa mwezi naenda kwa mwanangu," akasema. "Kajifungua pacha, na mikono yake ni miwili tu. Kabla sijaondoka, mwenye bucha atakuja kuwabeba hawa."

"Hawa wangapi?"

"Wote. Ishirini na watatu, na beberu wao."

Nilielewa maana yake palepale. Dada akienda na mbuzi wakabaki, atarudi tu, maana mbuzi wale ndio waliomshikilia hapa tangu shemeji afariki. Amewapa majina ya wateja waliomsumbua enzi zake za ufundi cherehani: yuko Bibi Harusi, yuko Mama Kipimo, yuko Nitalipa Kesho. Asubuhi huwakamua huku akiwasema kwa makosa ya miaka ishirini iliyopita. Lakini mbuzi wakiuzwa, hajaenda kutembea, amehama. Mpwa wangu alishamtengea chumba, na dirisha limeshawekwa pazia. Mimi ningebaki na nyumba ya vyumba vitatu na saa ya ukutani inayochelewa.

"Niachie mbuzi," nikasema. "Nitawachunga."

Dada alicheka hadi akashika nguzo. "Wewe Ghorofa? Wewe uliyeshindwa kumaliza kikombe cha chai ukiwa umekaa?"

Hapo alinishika pabaya. Miaka thelathini na moja nilikuwa mwendesha lifti kwenye jengo la ghorofa kumi na moja, na ndiko lilikotoka jina. Siku moja nilipiga mahesabu nikaona nimeshapanda hadi mwezini na kushuka, kisha nikapanda tena kana kwamba nimesahau kofia. Tangu nistaafu, miguu haijapokea taarifa. Nikikaa, magoti yanasubiri kengele. Nalala, naamka, nafungua mlango, naufunga, nazunguka nyumba, naingia kwa mlango wa nyuma. Dada husema kuishi nami ni kama kuishi na nzi mwenye pensheni.

"Nipe mpaka mwisho wa mwezi," nikamwambia. "Hizo siku ishirini. Asipopotea mwanambuzi mwingine, mbuzi hawauzwi."

"Na akipotea?"

"Akipotea, mwite mwenye bucha nami nitamshikia kamba."

"Haya," akasema, lakini begi hakuliondoa kitini.

Sasa niwaeleze hao mbweha, maana si mbweha wa kawaida. Walikuwa wawili, mume na mke, na walikuja mchana kweupe, kama saa nne hivi, mbuzi wakishapanda kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Mume alikuwa msanii. Alijitokeza mbele ya kundi akichechemea, ulimi nje, akijiburuza kama aliyetoka kwenye ajali. Mbuzi ni watu wa umbea. Wote wakageuka kumtazama. Huku nyuma mke anapita na mtoto mdomoni. Siku moja nilimwona akichechemea mguu wa kushoto, alipogeuka akaanza kuchechemea wa kulia. Nikampigia kelele, "Bwana we, umekosea mguu!" Wallahi alisimama, akafikiri, akabadilisha.

Na si kwamba sikuwa na ulinzi. Nilikuwa na mbwa. Bwana mifugo aliponiletea mbwa huyo akiwa bado mdogo, alinionya: alale zizini na mbuzi, ale zizini, asibebwe, asibembelezwe, ili akue akijua mbuzi ndio ndugu zake. Nilifuata masharti siku mbili nzima. Siku ya tatu mvua ilinyesha, akalia. Nikamwingiza ndani, mara moja tu, mpaka mvua ikatike. Sasa ana ukubwa wa meza ya kulia chakula na anajua ndugu yake ni mimi. Siku aliyochukuliwa mwanambuzi wa nne, mlinzi wetu alikuwa kalalia viatu vyangu, na nilipojaribu kuvivaa nikimbilie mteremkoni, akaningurumia nisitoke, nje kuna hatari.

"Anakulinda usiibiwe," dada alisema. "Sijui nani akuibe."

Basi kesho yake sikungoja hata chai. Nilipanda baiskeli hadi ofisi ya bwana mifugo, chumba kimoja nyuma ya ghala la mbegu. Ukutani kuna picha ya ng'ombe aliyepasuliwa upande, matumbo yote yana namba. Kuna friji ndogo ambamo chanjo na chakula chake cha mchana wanaishi kwa kuheshimiana. Bwana mifugo alikuwa anachemsha sindano.

"Kaa, mzee."

"Sikai. Nataka mlinzi mwingine."

"Yule mbwa?"

"Yule ameajiriwa na mimi."

Akatikisa kichwa. "Nilijua. Mbwa mwingine atahitaji mwaka na nusu mpaka akomae."

"Nina siku ishirini. Kumi na tisa ukiondoa leo."

"Bata bukini?"

"Wanapigana?"

"Wanapiga kelele. Mbweha akija utajua. Jirani akija utajua. Jani likianguka utajua." Akazima jiko. "Wewe unahitaji punda."

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba punda ana chuki ya kuzaliwa na kitu chochote chenye sura ya mbwa, na kwamba akishawazoea mbuzi hatakubali mbweha akaribie. Awe jike, maana dume lisilohasiwa laweza kuwaumiza watoto. Alishwe pamoja na mbuzi. Kisha akanyoosha kidole, kidole chenye plasta.

"Na awe mmoja, mzee. Nakurudia: mmoja. Akiwa peke yake atajiona mbuzi. Akiwa na mwenzake atajiona punda."

"Atazoea kwa muda gani?"

"Wiki nne. Sita."

"Nina siku kumi na tisa."

"Basi umwombe huyo punda aharakishe," akasema, akafungua friji akatoa ama chanjo ama mkate, sikusubiri kuona.

Mwenye mkokoteni nilimjua. Anakaa mtaa wa mafundi vyuma, pale ambapo lazima upige kelele hata ukitaka kusalimia. Alikuwa amenunua pikipiki ya magurudumu matatu, nyekundu, bado ina nailoni kwenye kiti, na punda wake wawili walisimama chini ya bati bila kazi, wakitazama pikipiki ile kama wake wenza wanavyomtazama mdogo wao. Wote majike. Mmoja anaitwa Honi, kwa sababu ya sauti. Mwingine anaitwa Breki, kwa sababu akisimama kasimama. Walivuta mkokoteni mmoja, bega kwa bega, kwa miaka tisa.

"Nataka mmoja," nikapiga kelele juu ya nyundo. "Nakupa baiskeli."

"Chukua Honi! Breki atakuchosha!"

Tukabadilishana palepale. Nikamfungua Honi, nikatoka naye mtaani. Hatukufika hata kwenye kona, nikasikia mafundi wanacheka. Nikageuka. Breki hakuwa analia. Alikuwa anatembea tu, taratibu, kichwa chini, akitufuata. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo, na kamba ilipomwishia aliendelea na nguzo. Nyuma ya nguzo kulikuwa na bati, na nyuma ya bati mwenye mkokoteni anakimbia.

Nilisimama. Honi akasimama. Breki akafika, akaweka shingo yake juu ya shingo ya mwenzake, akafumba macho.

Nani angeweza? Wewe ungeweza? Nilirudi nyumbani, nikachukua redio yangu, nikampelekea mwenye mkokoteni, na jioni hiyo nikaingia uani kwa miguu na punda wawili.

Dada alikuwa anachuja maziwa. Hakusimama. "Bwana mifugo alisema wangapi?"

"Mmoja."

"Basi macho yangu yameisha. Mimi naona wawili."

"Wa pili ni wa akiba."

"Akiba," akasema. "Gari lina tairi la akiba, Ghorofa. Mlinzi hana."

Siku tisa nilijipa moyo. Asubuhi nawatoa pamoja na mbuzi, nakaa barazani dakika mbili, nasimama, napanda mteremko, nashuka, narudi kuangalia kama wamesogea. Hawakusogea. Honi na Breki walichagua pembe ya mbali kabisa, kwenye kivuli, wakasimama kichwa kwa mkia, huyu akimfukuzia yule nzi usoni, yule akimkuna huyu mgongo kwa meno. Mbuzi kwao walikuwa majani yenye miguu. Hata Bibi Harusi, mwenye tabia ya kujipendekeza kwa kila mtu, alijaribu kuwasogelea akarudi kanywea.

Siku ya tisa, saa nne na robo, msanii akaja na mguu wake mbovu. Nikaruka kutoka barazani. Mbwa akanifuata, akanipita, akanizuia njia. Nikapiga kelele, "Honi! Breki! Kazini!" Honi aligeuza sikio moja. Mke wa mbweha alipita na mtoto wa Mama Kipimo mdomoni, na kwa kuwa njia fupi ilikuwa ile, alipita chini ya tumbo la Breki. Aliinama kidogo, kwa adabu, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa.

Nilipofika nyumbani dada alikuwa ameshika simu sikioni. Alikuwa ameona yote dirishani.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi," alikuwa anasema. "Ndiyo, wote. Njoo na gari. Saa tatu." Akakata. Kisha, bila kunitazama, akakunja gauni moja, akaliweka kwenye begi.

Siku hiyo sikumjibu kitu. Na mimi kutojibu kitu ni jambo la kutangazwa. Nilizunguka nyumba, nikazunguka tena, mbwa nyuma yangu, mpaka mchana ukaisha. Ilikuwa imebaki siku tisa. Nilikuwa nimeshindwa dau, hilo halina ubishi, lakini mbuzi walikuwa bado zizini na gari la bucha lilikuwa bado halijaja. Asubuhi nikamwambia dada, "Nampeleka Breki alikotoka."

Dada akauliza, "Utaweza?"

"Nitatembea haraka."

Nilitembea haraka. Breki alitembea kama Breki. Njia ya saa moja tuliitumia saa tatu, na kila tulipopita mtu aliniuliza kama nampeleka punda au punda ananipeleka. Nyuma yetu, kutoka zizini, tulimsikia Honi. Nasema tulimsikia mpaka mtaa wa mafundi vyuma, juu ya nyundo zote, na kuna fundi mmoja aliyeacha kugonga akauliza kama kiwanda kinatoa wafanyakazi. Mwenye mkokoteni alimpokea Breki, akamsugua paji. Kwamba redio nirudishiwe, hakusema, nami sikuuliza. Sikugeuka kumwangalia Breki. Nilijua akinitazama ningeondoka naye, na pengine na pikipiki pia.

Nilipofika nyumbani nikakuta dada kabadilisha utawala. Zizi limefungwa, Honi yuko ndani katikati ya mbuzi, na pumba zimemwagwa kwenye hori moja refu ili wote wale pua kwa pua.

"Kuanzia leo namlisha mimi," akasema. "Nampa maji mimi. Wewe usimguse, usimsemeshe, usimwimbie."

"Kwani mimi…"

"Mnyama ukimshika wewe anaacha kazi."

"Lakini unataka kuwauza! Kwa nini unajisumbua?"

Dada akatua ndoo. "Nataka niwe nimejaribu," akasema. "Nisije nikakaa kwenye hicho chumba chenye pazia nikijiuliza."

Basi nikawekwa nje ya uzio kama mtu mwenye surua. Honi alilia siku tatu. Hakula siku ya kwanza. Alisimama uso ukutani, upande wa barabara, akipiga ile honi yake mpaka vikombe vikahama kabatini. Majirani walikuja kuuliza nani amefariki. Dada aliingia, akamwaga pumba, akaweka jiwe la chumvi, akawasema mbuzi kwa madeni yao ya vifungo na zipu, akatoka. Mimi nilizunguka. Nilizunguka nyumba ile mpaka nikachimba njia. Ukija leo utaiona, inafika kwenye vifundo vya miguu, na mvua ikinyesha bata wa jirani huitumia.

Siku ya nne kimya. Nilidhani amekufa. Nikachungulia kwenye ufa wa ubao: Honi alikuwa analamba chumvi, na Nitalipa Kesho alikuwa analamba upande wa pili. Siku ya sita wanambuzi wawili walikuwa wamelala wamemwegemea miguu ya mbele, naye kasimama kama meza, hata mkia hapungi asije akawaamsha. Siku hiyo dada aliwatoa wote mteremkoni. Honi hakwenda kwenye kile kivuli cha pembeni. Alikwenda walikokwenda mbuzi, akasimama waliposimama.

Siku ya saba, yaani Alhamisi, gari la bucha likiwa limebakiza siku mbili, dada alikwenda kupeleka maziwa. Mimi nilikuwa juu ya paa nikigongelea bati ambalo halikuwa na shida yoyote. Ndipo nikamwona msanii.

Alikuja akichechemea kama kawaida. Mbuzi wakageuka kutazama. Honi naye akageuka, lakini hakutazama mguu. Alirudisha masikio nyuma, akashusha kichwa mpaka karibu na majani, akaenda moja kwa moja. Hakukimbia mwanzoni, alitembea, kama mtu anayekwenda kukata umeme wa mdaiwa. Mbweha akachechemea zaidi. Honi akaanza kukimbia. Hapo mgonjwa akapona, tena miguu yote minne, mguu niponye! Yule mke alikuwa keshaingia katikati ya kundi upande wa nyuma. Honi akageuka papo hapo, akamkuta, akampiga kwato za mbele mara moja, na mara ya pili akapiga vumbi tu, maana mke alikuwa keshavuka mto wa bondeni. Kisha Honi akasimama mbele ya mbuzi, akapiga honi. Nilishuka kwenye paa bila kutumia ngazi, na sikumbuki nilitumia nini.

Dada alipotokea njiani nilimkimbilia. Na hapa, jamani, nilijiharibia mwenyewe. Ukweli mtupu ungetosha. Lakini nilikuwa nahema, nimefurahi, na ulimi wangu ukitangulia siwezi kuushika shati. Nikamwambia Honi amemrusha mbweha juu ya mti. Nikamwambia mbweha alibaki kwenye tawi, akalia, akaomba ngazi. Nikamwambia mume alikimbia akaacha mkia.

Dada alinisikiliza hadi mwisho. "Uko wapi mkia?"

"Alirudi kuuchukua."

Akapita, akaingia ndani.

"Dada! Toa mti, toa ngazi, toa mkia. Kilichobaki ni kweli!"

"Miaka sitini na miwili nakutolea miti na mikia, mdogo wangu," akasema kutoka ndani. "Nimechoka kubaki na maganda." Nikasikia zipu ya begi ikifungwa.

Ijumaa mbweha hawakuja. Niliomba waje. Nilikaa mteremkoni kutwa nzima, kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nilikaa, nikawapigia hata mluzi. Hawakuja.

Jumamosi saa tatu kamili pikapu ya bucha ilirudi nyuma mpaka mlangoni mwa zizi. Mwenye bucha alishuka. Ni mtu mkubwa, shingo imeungana na mabega bila kusaini mkataba, na siku hiyo alikuwa amevaa koti lake jeupe la kazini ambalo hufuliwa lakini halisahau. Nyuma ya pikapu kulikuwa na kamba na mbao. Dada alikuwa ndani akitafuta miwani.

"Mzee, hujambo? Niko na haraka, duka liko wazi."

"Pita tu," nikasema. Moyo wangu ulikuwa unapanda na kushuka, ghorofa zote kumi na moja.

Akafungua mlango wa zizi, akaingia, akamshika Bibi Harusi sikio.

Mimi sikusema kitu. Nataka hilo lieleweke. Sikupiga mluzi, sikukohoa. Honi alikuwa kwenye hori. Aliinua pua, akanusa lile koti. Masikio yakaenda nyuma. Kichwa kikashuka.

"Huyu vipi?" mwenye bucha akauliza.

Alikuwa bado anauliza alipotoka. Kwanza lilitoka koti, yaani pindo lake, mdomoni mwa Honi. Kisha akatoka yeye, kinyumenyume, juu ya mlango badala ya kupitia mlangoni, na akatua ndani ya pikapu yake mwenyewe, juu ya zile mbao, kwa mkao wa mzigo uliolipiwa. Honi akapiga teke mlango ukajifunga. Mbuzi wote ishirini na wawili waliobaki walikuwa nyuma yake, na beberu nyuma ya mbuzi.

Dada alikuwa amesimama barazani, miwani mkononi. Sijui alikuwa ameanzia wapi kutazama.

"Mama!" mwenye bucha akaita kutoka kwenye mbao. "Mfunge huyu mnyama!"

Kamba ilikuwa imetundikwa ukutani. Dada aliishika. Aliingia zizini, na Honi akampisha, akamnusa begani, akarudi kusimama palepale mbele ya mbuzi. Dada akawa naye uso kwa uso na kamba mkononi. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno kama mia mbili tayari. Nikaufunga tena, mpaka meno yakauma.

Dada akaning'iniza kamba kwenye bega lake mwenyewe.

"Siwezi kumfunga mtu aliye kazini," akasema.

"Mama, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana uje uwachukue. Sijakuzuia, mwanangu. Wachukue."

Mwenye bucha alimtazama Honi. Honi alikuwa bado anatafuna pindo la koti. Akawasha gari.

Dada alibaki zizini muda mrefu, akimpangusa Honi vumbi kwa ncha ya aproni. Mimi nilingoja uzioni.

"Kwa hiyo mbweha alirushwa kweli?" akauliza.

"Hakurushwa. Alipigwa kwato moja, akakimbia."

"Moja tu?"

"Moja. Ya pili ilipiga vumbi."

Akatikisa kichwa polepole. "Ungeniambia hivyo Alhamisi," akasema, "nisingemsumbua huyu kijana wa watu."

Begi halikufunguliwa. Aliondoka nalo Jumatatu kwa basi la asubuhi, nami nililibeba hadi kituoni nikihamisha mkono kila hatua kumi, sababu ndani alikuwa ameweka cherehani ya mkono. Alisema atarudi pacha wakianza kukaa wenyewe. Akanipa maagizo: Mama Kipimo akamuliwe upande wa kulia kwanza, pumba zisilowe, mbwa asiingie zizini, nisiwafundishe mbuzi uongo. Basi likawaka. Akatoa kichwa dirishani. "Na Honi umheshimu!" Kisha basi likaondoka, na mimi nikajikuta nimelifuata hadi kwenye kona, mikono mitupu, nikitembea haraka.

Nilirudi nyumbani saa tatu. Mbuzi walikuwa wanalia, matiti yamejaa. Nikachukua ndoo, nikafungua mlango wa zizi.

Masikio yakaenda nyuma.

"Honi, ni mimi. Mimi ndiye niliyetoa baiskeli kwa ajili yako."

Kichwa kikashuka. Nikatoka. Nikazunguka, nikajaribu upande wa pili, alikuwepo. Nikampa chumvi, akaila, kisha akanitoa. Nikamweleza undugu wangu na dada, baba mmoja mama mmoja. Hakutaka kusikia. Saa tano mbuzi walikuwa wanapiga kelele kama abiria waliokwama kwenye lifti, na sauti hiyo mimi naijua.

Basi nikaingia chumbani kwa dada. Nyuma ya mlango aliacha gauni la kazi, la maua ya bluu, na kitambaa cha kichwa. Nilivaa. Lilinibana kwapani na kuniacha wazi vifundoni. Nikajifunga kitambaa, nikavaa aproni yake juu, nikatoka nikitembea taratibu kama anavyotembea yeye, na kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote. Nikafungua mlango. Honi akaninusa begani, muda mrefu, akinitazama kwa jicho moja. Alijua. Nina hakika alijua. Lakini akanipisha.

Nilimaliza Mama Kipimo, upande wa kulia kwanza. Nilikuwa kwa Bibi Harusi, nimekaa kwenye kigoda, nikimsema kwa gauni alilorudisha mara nne, niliposikia pikapu inapunguza mwendo barabarani. Mwenye bucha alitoa kichwa dirishani, lakini hakushuka.

"Shikamoo, mama! Kumbe bado upo? Mbona yule mdogo wako muongo kasema stendi kwamba umeondoka?"

Sikugeuka. Nikainua mkono mmoja, kama dada, kiganja kimelegea.

"Nilikuwa nauliza kama ulibadili mawazo. Hata nusu tu, mama. Hata kumi."

Nikatikisa kichwa chenye kitambaa. Honi alikuwa ameshatoka kwenye hori na kuja kusimama kati yangu na barabara. Pikapu ikanguruma, ikaondoka, mimi nikavuta kigoda kwa mbuzi wa tatu. Walikuwa wamebaki tisa, na mpaka niwamalize wote ilibidi nikae.